Kuandaa Mchoro wa Kukatwa kwa Mwanga wa Leza: Somo Kutokana na Ramani ya Delta ya Rufiji

1. Utangulizi

Mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi hugawanyika katika matawi mengi yanayopita kati ya misitu ya mikoko. Matawi hayo hufanya delta yenye urefu wa kilometa zipatazo 65 kufuata pwani, na upana wa kilometa zipatazo 23 kuingia bara. Msitu wa mikoko wa delta hiyo una hekta zipatazo 53,000. Mwaka 2004 delta, pamoja na Mafia na pwani ya Kilwa, iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Kibiti anayefungua ramani ya Tanzania yenye skeli ya 1:5,000,000 huikuta delta yote imechukua milimita 13 tu, yaani karibu upana wa ukucha wa kidole gumba. Salale, Msala, Mbwera na Kiongoroni hazionekani humo. Wala haonyeshwi ni tawi lipi linaloweza kupitisha jahazi na ni lipi linaloishia kwenye tope.

Ramani ya delta imekuwa na thamani tangu zamani. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya Unguja tarehe 20 Septemba, ilijificha ndani ya matawi ya Rufiji. Waingereza walihitaji ndege za kuwaongozea mizinga kabla ya kuishinda tarehe 11 Julai 1915, kwa sababu aliye baharini hawezi kuona kilicho nyuma ya mikoko. Katika wakati wa karibu zaidi, mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kwa mkazi wa mahali kama hapa, kujua maji yanapita wapi ni elimu ya kumlinda.

Makala hii inaeleza jinsi shule inavyoweza kutayarisha ramani ya mbao ya delta ili ikatwe kwa mashine ya leza. Ramani hiyo ni ya tabaka mbili: ubao wa chini uliopakwa rangi ya buluu ni maji, na vipande vya ubao vinavyobandikwa juu yake ni nchi kavu na visiwa. Matawi ya mto huonekana kama mifereji inayoweza kufuatwa kwa ncha ya kidole, hata na mwanafunzi asiyeona.

Mashine za leza hupatikana zaidi mijini. Dar es Salaam hutumiwa na mafundi wa mihuri na vibao, na katika karakana za ubunifu. Mwalimu wa delta atasafiri kwanza kwa mashua, kisha kwa barabara kilometa zaidi ya mia moja, akiwa na faili lake na karatasi chache za plaiwudi. Mashine itatii kila kilichomo katika faili, likiwemo kosa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya safari, mezani, kwa rula na hesabu.

2. Mashine na mwanga wake

Nadharia ya leza ilianzia katika kazi ya Albert Einstein ya mwaka 1917. Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, kwa kutumia fimbo ya yakuti. Mwaka 1964 Kumar Patel, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aligundua leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Leza ya aina hiyo ndiyo itumikayo katika mashine nyingi za kukatia mbao na plastiki, nayo ndiyo inayohusika na hesabu za makala hii.

Mwanga wake una urefu wa wimbi wa mikrometa 10.6. Jicho la binadamu huona mawimbi ya kuanzia mikrometa 0.4 hadi 0.7 hivi, kwa hiyo mwanga huu hauonekani kabisa. Mbao, karatasi, ngozi na akriliki huufyonza na kupata joto kali. Metali iliyong'arishwa huurudisha kama kioo, na ndiyo sababu mashine ndogo za aina hii hazikati bati wala shaba.

Ndani ya mashine mwanga huongozwa kwa vioo hadi kwenye lenzi, nayo huukusanya katika nukta yenye kipenyo cha milimita 0.1 hadi 0.2. Mahali hapo huitwa fokasi. Injini mbili husogeza lenzi juu ya ubao, moja kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma, kama mtu anayechora kwenye karatasi ya grafu. Mbao iliyo chini ya nukta hiyo hugeuka mvuke na moshi, na feni huutoa moshi nje.

3. Aina tatu za kazi

Mashine hiyo moja hufanya kazi tatu, na ni lazima faili lizitofautishe.

Ya kwanza ni kukata. Mwanga hufuata mstari polepole kwa nguvu nyingi hadi kutokea upande wa pili. Katika ramani, kingo za visiwa na za matawi mapana hukatwa.

Ya pili ni kupiga mstari. Mwanga hufuata mstari vilevile, lakini kwa kasi kubwa na nguvu ndogo, hivyo huacha alama nyembamba juu ya ubao bila kuutoboa. Vijito na barabara hupigwa hivi.

Ya tatu ni kunakshi. Hapa lenzi haifuati mstari wa mchoro. Huenda na kurudi, safu baada ya safu, ikiunguza uso wa ubao palipo na rangi nyeusi na kuruka palipo peupe. Majina ya vijiji na kivuli cha mikoko hufanywa kwa njia hii.

Tofauti hii inatokana na aina mbili za picha za kompyuta. Picha ya vekta huhifadhi mistari kwa kutaja pointi zake, kama mwanafunzi anavyotaja pointi kwenye grafu: anzia hapa, pinda hapa, ishia pale. Picha ya rasta ni jedwali la vijiraba vidogo viitwavyo pikseli, kila kimoja kikiwa na rangi yake, mithili ya mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi. Picha ya kamera na ramani iliyoskaniwa ni za rasta. Kukata na kupiga mstari huhitaji vekta. Kunakshi huweza kutumia zote mbili.

Ipo mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kudhani kwamba picha ya ramani iliyoskaniwa inaweza kukatwa ilivyo. Haiwezi, kwa kuwa ndani yake hamna mstari. Mna vijiraba tu. Mtego wa pili ni kuiachia kompyuta igeuze picha hiyo kuwa vekta yenyewe. Mstari wa wino wenye unene wa milimita 0.5 una kingo mbili, na kompyuta itachora zote mbili. Mashine itakata mara mbili mahali palipotakiwa mkato mmoja, na kati yake utabaki uzi wa mbao unaoungua. Ni afadhali kufuatiza kwa mkono katika programu ya kuchorea, mstari mmoja kwa kila ukingo. Programu ya Inkscape hutolewa bila malipo na inafaa kwa kazi hii.

4. Kutoka kwenye nchi hadi kwenye ubao

4.1 Chanzo cha ramani

Ramani za serikali za skeli ya 1:50,000 ni chanzo kizuri, mradi ruhusa ipatikane. Chanzo kingine ni OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na kutumiwa bure kwa sharti la kutaja chanzo. Tanzania ina uzoefu nayo: kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam kuchora mitaro, nyumba na barabara, ili maeneo ya mafuriko yajulikane. Wanafunzi wa Kibiti wanaweza kufuata njia hiyo, wakilinganisha ramani na matawi wanayoyapita kila siku, na kuyasahihisha.

Tarehe ya chanzo inakshiwe pembeni mwa ramani. Delta haitulii mahali pamoja. Baada ya mafuriko ya mwaka 1978 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji ilielekea matawi ya kaskazini, na ramani iliyotangulia mabadiliko hayo haielezi tena hali ya leo.

4.2 Skeli

Chukuliwe mashine yenye meza ya milimita 600 kwa 400. Delta ina urefu wa kilometa 65, yaani milimita 65,000,000. Kwa skeli ya 1:100,000 ramani ingekuwa na milimita 650 na isingeingia. Kwa skeli ya 1:125,000 inakuwa na urefu wa milimita 520 na upana wa milimita 184. Hii inaingia, na nafasi ya jina na ufunguo inabaki. Katika skeli hiyo milimita 1 ya ubao ni meta 125 za nchi.

Data za ramani mara nyingi huja zikiwa zimepimwa kwa digrii za longitudo na latitudo. Programu isiyoelewa hilo huchukua digrii 0.6 kuwa milimita 0.6, na delta nzima hugeuka nukta. Kwa hiyo data zibadilishwe kwanza kuwa meta, kwa makadirio ya UTM kanda ya 37 kusini, ambayo ndiyo kanda ya Rufiji. Programu ya bure ya QGIS hufanya kazi hiyo.

4.3 Nini kikatwe na nini kipigwe mstari

Mkato wa leza una upana wa milimita 0.2 hivi. Katika skeli iliyochaguliwa huo ni upana wa meta 25. Kijito chembamba kuliko hapo hakiwezi kuonyeshwa kwa upana wake wa kweli. Tawi lenye upana wa meta 100 litakuwa na milimita 0.8, kingo zake zikikatwa, kati yake utabaki ulimi wa mbao wa milimita 0.6, nao utaungua au kukwama.

Hivyo inafaa kuweka kanuni moja na kuishika. Kwa mfano: tawi lenye upana wa meta 250 au zaidi, yaani milimita 2, likatwe kingo zote mbili, lenye upana mdogo kuliko huo lipigwe mstari mmoja katikati. Kisiwa kisichofika milimita 5 kisikatwe, kwa sababu kitatumbukia katika matundu ya meza ya mashine na kupotea. Kinakshiwe juu ya ubao wa chini. Kanuni iandikwe katika ufunguo wa ramani, ili msomaji asidhani kwamba mstari mwembamba ni mtaro wa hatua moja.

Jambo hili halihusu mashine peke yake. Kila mchora ramani huchagua cha kuacha. Tofauti ni kwamba mwenye kalamu anaweza kuchagua pasipo kujua kuwa anachagua, hali leza humlazimisha kuitaja namba.

4.4 Kupunguza pointi

Mstari wa pwani uliotoka kwenye data huweza kuwa na maelfu ya pointi. Kila pointi ni agizo kwa injini kugeuka. Zikisongamana, lenzi hupunguza mwendo kila mara, na mahali inapopunguza mwendo mbao huungua zaidi. Pointi zilizokaribiana kuliko milimita 0.2 hazina faida, kwa kuwa zote zimo ndani ya upana wa mkato mmoja. Programu ina amri ya kurahisisha mstari. Itumiwe kidogo kidogo, na kila mara umbo lilinganishwe na chanzo, isije midomo ya Simba Uranga na Kikunya ikafungwa na kompyuta.

4.5 Herufi na rangi

Majina yageuzwe kutoka maandishi kuwa maumbo. Asipofanya hivyo, mwalimu huweza kukuta kompyuta ya karakana haina mwandiko aliouchagua, na jina la Kiongoroni likatoka kwa mwandiko mwingine na kuvuka ukingo wa kisiwa. Herufi zisiwe chini ya milimita 3 kwa kimo.

Kila kazi ipewe rangi yake: kwa mfano nyeusi kunakshi, buluu kupiga mstari, nyekundu kukata. Fundi wa mashine ataipa kila rangi nguvu na kasi yake. Rangi zenyewe hazina maana kwa leza. Ni makubaliano tu kati ya mchoraji na fundi, kwa hiyo yaandikwe kwenye karatasi inayofuatana na faili.

5. Upana wa mkato

Msumeno huacha unga, nao unga huo ni mbao iliyopotea. Leza nayo hula mbao, ingawa kidogo. Nusu ya upana wa mkato huliwa upande mmoja wa mstari na nusu upande wa pili. Kisiwa kilichochorwa milimita 50 kitatoka kikiwa na milimita 49.8. Tawi lililochorwa milimita 2.0 litakuwa milimita 2.2, yaani meta 275 badala ya 250. Hilo ni kosa la asilimia 10. Tawi la kilometa moja litakuwa milimita 8.2 badala ya 8.0, kosa la asilimia 2.5 tu. Kosa lenyewe ni lile lile, lakini huwaumiza wembamba kuliko wapana.

Dawa yake ni kusogeza mstari wa kukata kwa nusu ya upana wa mkato, milimita 0.1, kuelekea upande unaotupwa. Hapa upande unaotupwa ni maji. Kwa hiyo mstari husogezwa ndani ya tawi, na kisiwa hubaki na ukubwa wake.

Upana wa mkato hupimwa hivi. Huchorwa mstatili wenye upana wa milimita 100, ukagawanywa kwa mistari katika vipande kumi vya milimita 10. Mistari ya kukata ni 11: tisa ya ndani na miwili ya pembeni. Baada ya kukatwa, vipande vyote husukumwa upande mmoja wa tundu lake, na pengo lililobaki hupimwa. Likiwa milimita 2.2, mkato mmoja una 2.2 ÷ 11 = milimita 0.2. Kupima mikato 11 kwa pamoja na kugawanya ni njia bora kuliko kupima mmoja, kwa sababu kosa la rula nalo hugawanywa kwa 11.

6. Nguvu, kasi na joto

Nishati inayopokewa na kila milimita ya mstari ni nguvu iliyogawanywa kwa kasi. Leza ya wati 36 ikienda milimita 12 kwa sekunde hutoa 36 ÷ 12 = jouli 3 kwa kila milimita. Kasi ikiongezwa mara mbili, nishati hupungua nusu na kuwa jouli 1.5. Kwa kupiga mstari, wati 12 na kasi ya milimita 100 kwa sekunde hutoa jouli 0.12 tu, kiasi cha kuacha alama.

Mwanafunzi ataweza kudhani kwamba wati 36 kwa milimita 12, na wati 9 kwa milimita 3, ni sawa, kwa kuwa zote hutoa jouli 3. Kwa hesabu ni sawa, kwa mbao si sawa. Leza inayokwenda polepole huyapa joto muda wa kusambaa pembeni, na kingo huwa nyeusi kama mkaa. Inayokwenda kasi kwa nguvu nyingi huigeuza mbao kuwa mvuke kabla joto halijasambaa. Kwa sababu hii, na kwa kuwa gundi ya plaiwudi hutofautiana toka kiwanda hadi kiwanda, hakuna jedwali la namba linaloweza kuaminiwa pasipo jaribio. Hata namba zilizotajwa hapa ni za kufundishia hesabu.

Jaribio ni rahisi. Kwenye kipande cha plaiwudi ileile itakayotumika hukatwa viraba 25 vidogo, safu tano kwa tano. Kila safu ya mlalo ina kasi yake, na kila safu ya wima ina nguvu yake. Kisha ubao hugeuzwa na kutazamwa ni viraba vipi vimeanguka vyenyewe. Kati ya hivyo, huchaguliwa kilichokatwa kwa kasi kubwa kuliko vyote, kwa maana hicho ndicho kisicho na masizi mengi. Mwalimu achukue kipande cha ziada kwa ajili ya jaribio hili.

Fokasi nayo ina sehemu yake. Plaiwudi iliyokaa kwenye unyevu wa masika hupinda. Ubao ukiinuka milimita tatu katikati, nukta ya mwanga hupanuka, nishati ileile husambaa katika eneo kubwa zaidi, na mkato hautoboi. Ubao uhifadhiwe ukiwa umelazwa na kukandamizwa, na mezani ushikwe kwa vizito au vibanio.

Kunakshi kunahitaji hesabu ya muda, maana baadhi ya karakana hutoza kwa dakika. Ramani ya milimita 520 kwa 184, ikinakshiwa kwa safu 10 katika kila milimita, ina safu 1,840. Kwa kasi ya milimita 300 kwa sekunde, safu moja huchukua sekunde 1.7 hivi, na pamoja na kugeuka ni kama sekunde 2. Jumla ni sekunde 3,680, zaidi ya saa nzima. Ikiwa kivuli cha mikoko kitafanywa kwa mistari sambamba inayoachana milimita 1, safu zitakuwa 184 na muda kama dakika sita. Mistari hiyo pia huhisiwa vizuri zaidi kwa kidole.

7. Nyenzo salama na zisizo salama

Plaiwudi ya milimita 3, karatasi ngumu na akriliki hukatwa vizuri. Mbao za mikoko hazihitajiki: ni ngumu, na uvunaji wake unatawaliwa na sheria ya misitu na vibali. Ramani ya kufundisha uhifadhi isianze kwa kukata mkandaa.

Hatari kubwa ni plastiki ya PVC, inayotumika katika stika za matangazo, mabomba na ngozi za bandia. Ina klorini. Ikiunguzwa na leza hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa mapafu huwa asidi ya haidrokloriki. Gesi hiyohiyo hula lenzi na vyuma vya mashine. Plastiki isiyojulikana isikatwe.

Maabara ya kemia ya shule inaweza kuitambua klorini. Waya wa shaba huchomwa katika mwali hadi mwali usibadilike rangi, kisha waya wa moto huguswa kwenye plastiki na kurudishwa katika mwali. Rangi ya kijani ni dalili ya klorini au jamii yake. Jaribio lifanywe na mwalimu, kwa chembe ndogo, mahali penye hewa ya kutosha.

Mashine inapokata isiachwe peke yake hata kidogo. Kinachofanyika ndani yake ni kuunguza mbao kwa makusudi, na mwali mdogo unaweza kuwa moto. Kizimamoto kiwe karibu, feni ya moshi iwake, na kifuniko kisifunguliwe, kwani mwanga usioonekana huweza kuunguza jicho kabla mtu hajajua.

8. Ukaguzi kabla ya safari

Mambo haya yakaguliwe mezani, moja baada ya jingine:

(a) Kipimo. Uchorwe mstari wa milimita 100 pembeni mwa mchoro. Faili likifunguliwa karakanani, mstari huo upimwe kwanza. Mwaka 2017 Inkscape ilibadili kipimo chake cha ndani kutoka nukta 90 hadi 96 kwa inchi. Programu zinazotofautiana kwa kiasi hicho zitaufanya mstari wa milimita 100 uwe 93.75, na ramani nzima vivyo hivyo.

(b) Mistari iliyolaliana. Mstari ulionakiliwa juu ya mwingine hauonekani kwa macho, lakini mashine huukata mara mbili. Programu iamriwe kuifuta.

(c) Mistari isiyofungwa. Kisiwa ambacho mwisho wa mstari wake haukukutana na mwanzo hakitatoka kwenye ubao.

(d) Mpangilio wa kazi. Kunakshi kutangulie, kupiga mstari kufuate, kisha mikato ya ndani, na mwisho mkato wa nje. Kipande kikishakatwa huweza kusogea, na chochote kitakachochorwa juu yake baadaye kitakwenda upande.

(e) Ubao wa chini. Kingo za visiwa zipigwe mstari hafifu juu yake, ili kila kipande kijulikane pa kubandikwa. Visiwa vyenyewe vitiwe namba nyuma.

(f) Nakala. Faili lihifadhiwe katika vyombo viwili, na nakala ya karatasi ichapwe kwa ukubwa kamili. Karatasi hiyo ikilazwa juu ya plaiwudi, kosa ambalo halikuonekana kwenye kioo cha kompyuta mara nyingi hujitokeza.

Ramani ikishachapwa hivyo, wapewe kwanza wanafunzi wanaotoka vijiji vya delta. Watafuata kwa kidole njia ya kutoka Nyamisati hadi Msala, na wakikuta tawi limezibwa au kisiwa kimehamishwa, watasema. Kurekebisha mstari kwenye kompyuta hakugharimu kitu. Kurekebisha ubao uliokwisha kukatwa kunataka ubao mwingine na safari nyingine.

Mazoezi

1. Tawi la mto lina upana wa meta 300. Litakuwa na milimita ngapi katika ramani ya 1:125,000? Kwa kanuni ya sehemu 4.3, je, litakatwa au litapigwa mstari?

2. Katika jaribio la mikato 11, pengo lilikuwa milimita 1.98. Tafuta upana wa mkato mmoja. Mstari wa kukata usogezwe kiasi gani?

3. Leza ya wati 45 inakwenda milimita 18 kwa sekunde. Kila milimita inapata jouli ngapi? Kasi iwe ngapi ili wati 30 zitoe nishati ileile?

4. Mwanafunzi alikata visiwa kwanza, kisha akanakshi majina. Eleza kwa nini majina mawili yalitoka yamepinda.

5. Jadilini darasani: ramani inapoacha vijito vyembamba, ni nani katika kijiji anayeweza kupotoshwa, na ufunguo wa ramani umweleze nini?

Majibu ya hesabu: (1) milimita 2.4, litakatwa. (2) Milimita 0.18, usogezwe milimita 0.09. (3) Jouli 2.5, milimita 12 kwa sekunde.